Pomadi si dawa tu: mafuta yanayoibeba nayo yana kazi yake



Tazameni katika kabati yenu, au katika kopo lile mnamotunza dawa. Bila shaka mtakuta tyubu mbili au tatu za dawa ya kupaka. Moja ilitolewa kwa ajili ya miguu ya baba, nyingine kwa ajili ya ngozi ya mtoto, ya tatu ilinunuliwa sokoni. Mara nyingine tyubu mbili zina jina moja la dawa na hesabu moja, kwa mfano 1%. Lakini juu ya moja wameandika «krema», na juu ya nyingine «pomadi». Watu wengi wanasema: «Ni kitu kimoja, paka tu.»

Hapana, si kitu kimoja. Tufanye hesabu. Dawa ya 1% maana yake ni gramu 1 ya dawa katika gramu 100 za tyubu. Gramu 99 zinazobaki ni nini? Ni mafuta, nta, maji na vitu vingine vinavyobeba ile gramu moja. Wataalamu wa farmasi wanaviita msingi wa pomadi. Watu wanadhani msingi ni kitu cha kujazia tyubu tu. Lakini ni msingi unaoamua kama dawa itatoka au itabaki imefungwa, kama itafika ndani ya ngozi au itaishia kwenye shuka, na mara nyingine kama kidonda kitapona au kitaoza.

NGOZI NI UKUTA

Mungu ametupa ngozi ili izuie vitu vya nje visiingie. Tabaka lake la juu kabisa ni chembe zilizokufa, zimepangwa sawa na matofali, na katikati ya matofali kuna mafuta yanayofanya kazi ya simenti. Tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi, lakini ni ukuta mkali. Bila ukuta huo, mvua yote ya mwezi wa kwanza ingetuingia mwilini.

Kwa hiyo dawa ya kupaka ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka ndani ya msingi wake. Ya pili ni kupita katika ukuta wa ngozi. Kamyo iliyopakia madini Kambove haina faida ikiwa imefika Shituru na kukataa kushusha mzigo. Ndivyo ilivyo pomadi ambayo inashika dawa yake na haiiachi.

AINA ZA MISINGI

1. Mafuta matupu. Mfano mkubwa ni vazelini. Historia yake inatuhusu sisi watu wa machimbo. Mwaka 1859 Mmarekani mmoja, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, mahali walipokuwa wanachimba petroli. Kule aliona wafanyakazi wanachukua uchafu mzito wenye kunata uliokuwa unashika kwenye vyuma vya kuchimbia, na wanaupaka juu ya vidonda vyao. Akausafisha, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kuutengeneza kwa jina la Vaseline. Vazelini haikubali maji, haiozi upesi, na inafunika ngozi sawa na kifuniko cha sufuria. Lakini vazelini peke yake haiui mikrobi.

2. Mafuta yanayokubali maji. Hapa tuna lanolini, mafuta ya manyoya ya kondoo. Wajerumani Otto Braun na Oscar Liebreich waliipatia hati mwaka 1882. Lanolini inaweza kupokea maji ya uzito karibu mara mbili ya uzito wake, wakati vazelini haipokei karibu kitu. Kwa hiyo dawa iliyoyeyushwa katika maji inaweza kuingizwa ndani yake.

3. Krema. Mama anajua ya kama sufuria yenye mafuta ya ngazi haioshwi kwa maji matupu: inahitaji sabuni, kwa sababu sabuni inashika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine. Krema inatengenezwa kwa ujanja huohuo. Ziko krema ambazo matone ya mafuta yanaelea ndani ya maji. Hizo ni nyepesi, zinaingia upesi na zinatoka kwa maji. Ziko nyingine ambazo matone ya maji yamo ndani ya mafuta. Hizo ni nzito na zinadumu zaidi.

4. Misingi inayoyeyuka katika maji. Ni jeli, na pia pomadi za makrogoli, sawa na ile pomadi ya iodini ya povidoni yenye rangi ya kahawia. Unazitoa kwa maji tu, bila sabuni. Lakini munganga anajihadhari kuweka makrogoli juu ya eneo kubwa lililoungua, maana yanaweza kuingia katika damu kwa wingi na kuumiza figo.

5. Pasta. Ni pomadi iliyojazwa unga mwingi. Pasta ya zinki inayoitwa ya Lassar ina unga wa zinki karibu robo moja, wanga karibu robo moja, na nusu inayobaki ni vazelini. Unga ule unakunywa majimaji, na pasta inakaa pale ulipoiweka.

DAWA INATOKA NAMNA GANI?

Shikeni mambo matatu.

Jambo la kwanza: dawa inayopenda sana msingi wake haitoki. Wale kati yenu wanaofanya kazi katika viwanda vinavyotoa shaba kwa njia ya mafuta wanaelewa upesi. Pale maji ya asidi yenye shaba yanachanganywa na mafuta yenye dawa maalumu. Shaba inaacha maji na kuingia katika mafuta. Kiisha wanakutanisha mafuta hayo na maji yenye asidi kali zaidi, na shaba inarudi katika maji. Shaba inakwenda mahali inapopendelea. Dawa ya ngozi ni vilevile. Ikiwa inapenda mafuta kupita kiasi, na umeiweka katika mafuta matupu, itabaki humo. Mtengenezaji mwenye akili anatafuta msingi ambao dawa inaukubali vya kutosha ili ikae salama katika tyubu, lakini siyo kiasi cha kukataa kuuacha.

Katika shule za farmasi wanafunzi wanaonyeshwa jambo hili kwa macho. Wanamwaga katika kisahani jeli yenye chumvi ya chuma, na wanatoboa matundu. Katika tundu moja wanatia asidi ya salisili iliyo katika vazelini, katika jingine asidi hiyohiyo kwa kipimo hichohicho lakini katika krema nyepesi. Asidi ya salisili ikigusa chuma inatoa rangi ya zambarau. Baada ya muda, duara la zambarau kando ya krema ni pana, na kando ya vazelini ni dogo. Dawa ni moja, kipimo ni kimoja, na bado kilichotoka si sawa.

Jambo la pili: ngozi iliyofunikwa inafungua mlango. Hapa mambo yanageuka, na ndiyo sababu inafaa kumwachia munganga achague. Vazelini inazuia jasho na unyevu visitoke. Tabaka la juu linalowa maji, linalainika, na dawa inapita kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo dawa za aina ya kortizoni katika pomadi nzito mara nyingi ni kali kuliko dawa hizohizo katika krema, hata kama hesabu ni ileile. Ukifunika tena kwa plastiki, unazidisha nguvu. Na nepi ya plastiki ya mtoto mchanga ni kifuniko cha namna hiyo. Mama, usipake pomadi ya kortizoni chini ya nepi bila amri ya munganga.

Jambo la tatu: wingi na muda. Mwaka 1961 mtaalamu Takeru Higuchi, aliyefundisha farmasi huko Marekani, alitoa hesabu ya pomadi ambayo ndani yake dawa ni punje ndogo zisizoyeyuka zote. Kwa kifupi hesabu yake inasema hivi: ikiwa sehemu moja ya dawa inatoka katika saa 1, sehemu mbili zinahitaji saa 4, na sehemu tatu saa 9. Juu ya nini? Kwa sababu dawa iliyo karibu na ngozi inatoka kwanza, na ile iliyo mbali inabaki na safari ndefu. Basi ukipaka tabaka nene sawa na siagi juu ya mkate, dawa ya juu haifiki kwenye ngozi. Inaishia kwenye shati na shuka. Paka kidogo, tandaza vizuri, na rudia kwa saa ulizoambiwa.

KUCHAGUA KUFUATANA NA UGONJWA

Kuna kanuni ya zamani: palipo na maji, kausha, palipokauka, lainisha.

Miguu ya mfanyakazi wa buti. Buti la mpira, soksi zenye maji, zamu ndefu: kuvu inaota katikati ya vidole. Ngozi ni nyeupe, imelowa, inanuka. Pale usitie pomadi nzito, maana unafunika unyevu na kuvu inafurahi. Inafaa krema nyepesi ya kuua kuvu, baada ya kuosha na kukausha kila nafasi ya kidole. Lakini ikiwa ugonjwa uko chini ya unyayo, mahali ngozi ni nene, imekauka na inabanduka, pomadi ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki 6% na asidi ya salisili 3%, inafanya kazi vema, kwa sababu mafuta yanalainisha ngozi ngumu ili dawa ipite. Usiipake mwili mzima wa mtoto: asidi ya salisili inaweza kuingia katika damu yake na kumdhuru.

Mikono na visigino vya wakati wa baridi. Hapa Likasi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, mvua hakuna, hewa ni kavu, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 baridi inauma. Ngozi inapasuka. Pale mafuta matupu ni rafiki. Paka vazelini dakika chache baada ya kuoga, wakati ngozi ingali na unyevu, ili kifuniko kishike maji yale.

Macho. Pomadi ya tetrasiklini 1% ya macho imewekwa katika mafuta kwa sababu mbili. Kwanza, tetrasiklini inaharibika katika maji. Pili, tone la maji linasafishwa na machozi kwa dakika chache, wakati mafuta yanakaa muda mrefu zaidi. Ni kweli, utaona ukungu kwa muda. Usiendeshe mashine wakati huo. Na usitie katika jicho pomadi ya ngozi, hata kama jina la dawa ni lilelile: punje zake zinaweza kukwaruza jicho, na haikutengenezwa bila mikrobi.

Mahali palipoungua. Krema ya silva sulfadiazini 1%, iliyoletwa na munganga Charles Fox mwaka 1968, iko katika msingi wenye maji ili dawa itoke juu ya kidonda chenye majimaji na iweze kuoshwa mbele ya kufunga upya. Lakini hiyo ni kazi ya hospitali au dispanseri, na inakuja baadaye. Kwanza someni yafuatayo.

MAJI KWANZA, POMADI BAADAYE

Likasi ni mji wa asidi na chokaa. Asidi ya sulfuriki inatumika kuyeyusha madini, na chokaa inatumika viwandani na katika ujenzi. Hapa kujua kazi ya msingi wa pomadi kunaweza kuokoa mkono au jicho.

Asidi ikikurukia, kimbia kwenye maji. Vua nguo zilizolowa wakati maji yanamiminika. Osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na umwite mwenzako atoe habari. Ni vivyo hivyo kwa jicho: fungua kope na acha maji yapite. Ikiwa ni chokaa kavu, kwanza kung'uta unga kwa brosi au kitambaa, kiisha osha kwa maji mengi bila kusimama.

Ukipaka vazelini, mafuta ya ngazi au siagi mbele ya kuosha, umefanya nini? Umeweka kifuniko. Tumekwisha kusema ya kama kifuniko kinalainisha ukuta wa ngozi na kusaidia kitu kilicho chini yake kuingia. Ikiwa kitu hicho ni dawa, ni vema. Ikiwa ni asidi, umeisaidia adui. Tena maji hayawezi kuifikia vizuri.

Kwa moto wa mbabula, kwa bukari au maji ya moto yaliyomwagikia mtoto, amri ni ileile: maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji yangali na faida. Usitie dawa ya meno, wala mafuta, wala yai. Pomadi inazuia joto lisitoke, na pale dispanseri itabidi tuifute juu ya nyama mbichi ili tuone kidonda. Maumivu hayo yanaweza kuepukwa.

USICHANGANYE

Watu wengine wanachukua tyubu ya dawa kali na kuichanganya na vazelini au mafuta ya mwili ili idumu zaidi. Wanasema wanapunguza nguvu. Kwa kweli hawajui wanafanya nini. Krema ikikutana na mafuta mageni inaweza kuvunjika: maji upande mmoja, mafuta upande mwingine, dawa nyingi mahali pamoja na hakuna mahali pengine. Dawa ya kuzuia mikrobi iliyotiwa kiwandani nayo inapungua nguvu, na kila krema yenye maji ni chakula kizuri cha mikrobi.

Mbaya kuliko yote ni michanganyiko ya kujichubua ngozi. Humo mara nyingi mnatiwa klobetasoli, kortizoni kali sana ambayo munganga anaiandika kwa siku chache na kwa eneo dogo. Ikichanganywa na mafuta na kupakwa mwili mzima kila siku, inaingia katika damu. Ngozi inakuwa nyembamba sawa na karatasi ya sigara, inapasuka michirizi, kidonda hakiponi, na nyuzi za upasuaji zinakosa mahali pa kushika. Sukari ya damu na presha vinaweza kupanda. Mama mwenye mimba anajiweka katika hatari zaidi. Ikiwa umekwisha kuitumia kwa muda mrefu, usiiache kwa siku moja bila kumwona munganga, kwa sababu mwili umeizoea. Njoo useme ukweli. Hatukuhukumu.

MOTO, MPIRA NA OKSIJENI

Mafuta yanayobeba dawa hayabaki juu ya ngozi tu.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitoa onyo: nguo, shuka na bendeji zilizolowa krema au pomadi zenye mafuta ya parafini zinashika moto upesi zaidi, na kuzifua hakuondoi mafuta yote. Wewe mwenye kuchomea vyuma, wewe mvuta sigara, wewe mama unayeinama juu ya mbabula na mtoto mgongoni: badilisha nguo na shuka mara nyingi, na kaa mbali na moto ukiwa umejipaka.

Vazelini na mafuta vinaharibu mpira wa asili. Glavu za mpira zinalegea na kutoboka. Kondomu vilevile inapasuka. Kwa kondomu tumia jeli yenye msingi wa maji. Na mbele ya kuvaa glavu za kazi, futa mafuta mikononi.

Mwisho, usiguse vifaa vya chupa ya oksijeni kwa mikono yenye mafuta. Oksijeni na mafuta vinaweza kuwaka vikali.

KIPIMO NI KIDOLE

Mwaka 1991 waganga Long na Finlay wa Uingereza walitoa kipimo rahisi. Kamua dawa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, toka ncha mpaka kiungo cha kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole pamoja. Usiongeze ukifikiri utapona upesi.

TUKUMBUKE

– Krema na pomadi za jina moja si sawa. Chukua ile uliyoandikiwa.
– Palipolowa: krema, jeli au pasta. Palipokauka: pomadi.
– Asidi, chokaa, moto: maji kwanza.
– Usichanganye, usiongeze maji wala mafuta. Usihamishe dawa katika kopo jingine lisilo na jina.
– Tunza tyubu mbali na jua, bati la moto na watoto. Krema iliyotengana, iliyobadilika rangi au harufu, itupe.
– Osha mikono mbele ya kupaka na nyuma ya kupaka.

Utakapokwenda kuchukua dawa, usione haya kuuliza: «Hii ni krema au pomadi? Nipake kiasi gani? Nifunike au nisifunike?» Mfanyakazi anayeuliza maswali hayo matatu anatusaidia sisi wa dispanseri, anahifadhi franka zake, na anarudi kazini akiwa na ngozi nzima.